Mtoto Amepumzika

Ilianza Jumanne, saa kumi na mbili kasoro robo jioni, jikoni kwa mama mdogo hapa Mbeya. Yeye mikono ilikuwa kwenye unga wa maandazi mpaka viwikoni, mimi nimekaa kwenye kigoda sina kazi, na simu yake ikalia mlio wa meseji.

"Soma," akasema.

Ilikuwa ya mama, kutoka Kilolo: Mtoto anaendeleaje na ile miguu?

"Mjibu. Mwambie umepumzika, kocha kasema."

Kumwandikia mama kuhusu miguu yangu halikuwa jambo dogo. Jumamosi iliyopita nilikuwa Iringa mjini kwenye mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, yote kwa mkupuo mmoja. Yalikuwa mashindano yangu ya kwanza. Mama alishuka na wenzake wa kwaya wakiwa na vitenge vya sare, kama wanakwenda harusini kabisa. Kwenye maji sikufanya vibaya. Kwenye baiskeli walinipita wote. Kwenye kukimbia msuli wa paja ulikaza, nikawa nachechemea peke yangu barabarani na lile vazi la kuogelea linalobana, watu wameshaanza kukunja viti. Mama hakuvumilia. Aliingia barabarani akanifunga kitenge kiunoni, na hicho hicho kitenge kikaniangusha mbele ya mstari. Nilimaliza kwa magoti, wa mwisho, kwaya yote inaangalia.

"Nikisikia tena hiyo miguu inaumwa," mama aliniambia pale pale, "baiskeli ya watu inarudi kwao."

Na mashindano mengine, ya hapa Mbeya, yalikuwa yanakuja likizo ikiisha. Nilikuwa nayataka kuliko kitu chochote. Nilitaka nimalize nikiwa nimesimama, basi.

Kocha alisema wiki nzima nisikimbie wala nisipande baiskeli. Nilale chali, miguu niiegemeze ukutani, damu ishuke. "Kupumzika nako ni mazoezi," alisema. Kwake ni rahisi kusema. Kwetu msichana anayelala mchana ni mgonjwa, au ana mimba. Kwa hiyo nilikuwa nafunga mlango, na nikisikia mtu anakuja nashika ufagio.

Ndiyo maana vidole vilikataa kuandika "nimepumzika". Niliandika kama vile ni mama mdogo anayesema:

Shikamoo dada. Mtoto amepumzika tangu asubuhi. Sasa hivi miguu haimuumi tena. Msiwe na wasiwasi.

Nikaisoma, nikaona iko vizuri, yenye heshima. Nikatuma. Muda si mrefu umeme ukakatika mtaa mzima, na simu, iliyokuwa na chaji kidogo, ikazima.

Mtu yeyote aliyekulia kanisani anajua "amepumzika" inasemwa lini. Nilikuwa nimeisikia kwenye matangazo ya Jumapili maisha yangu yote. Lakini siku ile kichwani nilikuwa na miguu tu.

Jumatano alasiri nilikuwa chumbani, mlango nimefunga, miguu iko ukutani, nimevaa kaptura ya mazoezi. Nikasikia kilio kutoka barabarani. Kilikuja kikipanda mpaka uani kwetu. Nikasikia beseni linaanguka, na mama mdogo naye akaanza kulia, hata hajauliza. Ndivyo ilivyo: ukimwona dada yako anakuja analia, unalia kwanza.

"Nani, dada? Nani?"

"Mtoto! Mtoto wangu!"

"Mtoto? Jamani! Kaanguka mtini?"

Maskini, alidhani ni mdogo wangu wa Kilolo. Majirani wakaanza kuingia. Mtu akasema leteni mikeka. Halafu nikasikia sauti ya bibi, mama yake mama, analia kwa Kihehe, na katikati ya maneno yake nikasikia jina langu.

Hapo nikaelewa. Meseji yote ilinirudia, neno kwa neno.

Sasa hii sehemu ndiyo ngumu kuiandika. Sikutoka. Niliinuka, nikasimama nyuma ya mlango na mkono kwenye komeo, na sikutoka. Uani palishajaa watu, mimi nina kaptura, na ningetoka ningesema nini? "Samahani, mimi ni mzima"? Niliona haya kuwa hai. Nilisimama pale namsikiliza mama yangu ananililia, sauti imeshapasuka, na bado nikawa natafuta kitenge cha kujifunga.

Bibi ndiye aliyesukuma mlango. Alikuja kuuona mwili. Alinikuta nimesimama, kitenge nimekifunga upande mmoja, mwingine unaburuta. Aliniangalia kuanzia juu mpaka kwenye vidole vya miguu. Kisha akanizaba kofi.

"Ni yeye," akawaambia walioko nje. "Ana moto."

Sitasahau mama alivyokaa chini pale mlangoni. Majirani, baada ya kumshukuru Mungu, walicheka. Walicheka sana. Mmoja akauliza, "Kumbe marehemu ana mapaja hivi?" Mikeka ikakunjwa. Nilitamani ile meseji iwe kweli.

Jioni tulikula wali. Bibi alikuwa ameununua mchele Chimala basi liliposimama, kwa sababu msibani huendi mikono mitupu. Kwa hiyo nilikula mchele wa msiba wangu, na hakuna aliyeniangalia isipokuwa bibi, aliyekuwa ananiongezea.

Mama aliongea akiwa amemaliza kula.

"Kwa nini hukuandika 'nimepumzika'?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya kulala mchana."

Akatikisa kichwa. "Tangu jana usiku nakosa kupumua kwa sababu wewe unaona aibu kusema 'mimi'. Na huko nyumbani kengele ya kanisa imeshagongwa. Nimewapigia wenzangu, hawaamini. Wanasema nawaficha, huzuni imenipanda kichwani. Kesho asubuhi wanakusanyika kwangu. Wanataka sauti yako."

"Mama, si uwaambie wewe tu..."

"Utaongea mwenyewe. Ukishindwa kusema wewe ni mzima, hayo mashindano unayataka ya nini? Uende ukaanguke tena, halafu nani atuambie?"

Bibi akasema, "Mwache mtoto ale."

"Anakula, mama. Siku nzima kazi yake ni kupumzika."

Hata mama mdogo alicheka hapo. Mimi sikucheka.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la jiko. Mama alipiga, akaweka sauti kubwa, akanipa simu, akaenda kusimama mlangoni na kunipa mgongo. Nikasikia wanawake wengi, vikombe, na mtoto anakohoa.

"Kamwene akina mama," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. Nikarudia. "Ni mimi. Mimi ni mzima. Nilikuwa nimepumzika, yaani nimelala tu, miguu ukutani. Kocha ndiye aliyesema. Meseji niliiandika mimi, mama mdogo hana kosa. Mnisamehe."

Akajibu mwenyekiti wao wa kwaya, ambaye sauti yake naijua tangu shule ya Jumapili:

"Sasa wewe unapumzika nini, na ulikuwa wa mwisho?"

Kule wakaangua kicheko. Masikio yaliniwaka. Zamani ningekata simu.

"Nilikuwa wa mwisho," nikasema. "Nitashindana tena. Safari hii msije na vitenge."

Wakacheka tena, lakini kicheko kingine. Mama hakugeuka. Alichukua simu, akawaaga wenzake, akaisugua kioo kwa khanga yake muda mrefu.

"Hayo ya Mbeya," akasema, "ni lini?"

Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kumsaidia mama mdogo kusukuma maandazi.

Nilirudi chumbani. Mlango niliuacha wazi, nikalala chini, nikaegemeza miguu ukutani. Bibi alipita, akasimama. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa basi la jana.

"Sogea," akasema.