Meli ya Maboksi na Pipa la Maji la Chilangala

Saa mbili asubuhi, Theodora anajipaka majivu mikononi hadi kwenye viwiko, mafuta ya ganda la korosho yasimuunguze. Mbele yake, juu ya bati lililoanikwa juani, imelala meli yenye urefu wa hatua moja ya mtu mzima. Ina milingoti mitatu na matanga kumi na moja, na ubavu wake ni mweusi unaong'aa. Hakuna kipande cha ubao ndani yake. Yote ni maboksi.

"Hapa ni boksi la sabuni," anamwambia mwandishi huyu akigusa ubavu. "Huku nyuma ni biskuti. Milingoti ni boksi la mafuta ya kula, nimeliviringisha likiwa limelowa."

Hapa Chilangala, wilayani Newala, wengi wanamjua kwa jina la Mama Priska. Ana miaka arobaini na sita, na bahari hajawahi kuiona. Hilo halimnyimi usingizi. Kinachomkaba roho leo ni pipa lililokatwa nusu kwa urefu wake, limejaa maji, na mumewe Alfredi aliyeketi kando yake amekunja mikono. Meli hii ikiyachafua maji hayo, meli zote nane zilizomo ndani ya nyumba zinakwenda motoni. Ndivyo walivyokubaliana, na mwenyewe aliafiki.

Mgeni anaweza kucheka. Mwenyeji hacheki. Huku juu maji hayachezewi, na asiye na kisima cha mvua hushuka bondeni kwa mwendo wa saa mbili, akapanda kwa saa tatu na ndoo kichwani. Maji ya pipa hili Theodora ameyachota mwenyewe huko bondeni, safari nne.

Mapenzi yake ya meli yalianzia kwenye kiwanda cha korosho huko Masasi, alikofanya kazi miaka tisa. Alianza kwenye kubangua, mafuta ya ganda yakamla vidole, akahamishiwa kwenye kufungasha.

"Siku moja nikamuuliza msimamizi, hizi korosho zinakwenda Ulaya na nini? Akanionyesha kalenda ukutani, ina picha ya meli, matanga yamejaa upepo. Nikaamini. Miaka mingi mimi najua korosho zangu zinapeperushwa na upepo." Anacheka mpaka anajifuta macho. "Alikuwa ananitania, au na yeye alikuwa hajui, mpaka leo sijui."

Wakati wa mapumziko alianza kuikunja meli ile kwa mabaki ya maboksi ya kufungashia, na gundi yake ilikuwa uji mzito wa muhogo. Mende wakaila. Akaunda nyingine, na uji akauchanganya na tone la mafuta ya ganda la korosho. Mende wakaikimbia.

Kiwanda kiliposimama, alirudi kwao Chilangala na furushi la maboksi na vidole vyeusi. Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yakajaa bidhaa, maboksi yakawa ya kuokota. Wanunuzi binafsi nao wakaja na malori, wakawa wanazichukua korosho vilevile zilivyo, hazijabanguliwa.

"Korosho sasa zinapanda meli na maganda yake," anasema, na safari hii hacheki. "Kazi yetu imeondoka nazo. Mimi nimebaki huku naunda meli. Inauma, mwanangu, nisikufiche."

Kwa mwaka huuza meli tatu au nne kwa walimu na makarani, shilingi elfu mbili kila moja. Wenyeji wanazisifu lakini hawanunui. Wanamshangaa Mmakonde aliyeuacha mpingo akashika boksi.

Mambo yaligeuka mwaka jana, alipokuja mteja mmoja, Mwalimu Kulwa. Mwalimu huyu anafundisha shule ya msingi, ni mtu wa Ukerewe, amezaliwa kisiwani na kukulia ndani ya mitumbwi. Aliishika meli, akaigeuza chini juu, akabaki ameikodolea macho. Chini ilikuwa bapa kama sahani.

"Nilimwambia, shikamoo mama, kazi ni nzuri, lakini meli yako haina tumbo," anakumbuka Mwalimu Kulwa. "Akaniuliza, tumbo gani? Ndipo nikaelewa. Aliunda kile alichokiona kwenye picha, na kwenye picha nusu ya meli imezama."

Theodora hakuona haya. Alikaa na mwalimu jioni nzima, akamchoresha tumbo la meli ardhini kwa kijiti. Miezi miwili baadaye alikuwa na meli yenye mbavu ishirini na mbili za boksi na tumbo la mviringo, amelipaka mafuta ya ganda lisipitishe maji. Sasa akataka kujua kama itaelea.

"Meli isiyoelea ni boksi tu," anasema.

Maji ya kutosha yalikuwa mahali pamoja. Nyuma ya nyumba kuna kisima cha saruji kinachopokea maji ya mvua kutoka kwenye bati. Alfredi alikijenga kwa miaka miwili, na hakuna kitu anachojivunia kama hicho. Ilikuwa Oktoba, maji yamebaki ya magotini, na mvua bado wiki saba. Alfredi alikuwa shambani. Theodora akaishusha meli kwa kamba.

Ikaelea. Alipiga kigelegele peke yake uani, anasema, akacheza.

Mafuta yalikuwa hayajakauka. Jioni binti yao, Priska, alichota kata moja akanywa, na usiku midomo ikamvimba na kuwaka moto. Asubuhi Alfredi alifunua kisima, akaona utando mweusi umetanda juu ya maji. Hakufoka. Aliyachota yote akayamwaga, madebe thelathini na mawili, akihesabu kwa sauti ili mkewe asikie.

"Bora angenipiga," anasema Theodora polepole. "Mtoto wangu midomo imevimba, maji ya watu wote nimeyaua, kwa ajili ya nini? Maboksi!"

Kwa wiki saba alishuka bondeni peke yake, hakutaka kusaidiwa. Watoto wa njiani walikuwa wakimwamkia, "Shikamoo nahodha!" Naye aliitikia, "Marahaba," akapita na ndoo yake.

Mwaka mzima hakuunda meli, ila hakuacha kuwaza. Alikumbuka kwamba kiwandani mafuta yaliyomwagika karibu na tanuri yalikuwa yakiganda kama lami, hata maji ya moto hayakuyatoa. Mwezi wa nane alimwomba mumewe ruhusa ya kujaribu mara moja tu. Amepaka mafuta mepesi mara tatu, kila mara akaianika meli ileile siku kumi na mbili juu ya bati la moto, mwisho ameisugua kwa majivu na mchanga.

Sasa anaibeba kwa mikono miwili, anaishusha ndani ya pipa. Inayumba kidogo, inasimama wima. Hakuna kigelegele. Wanasubiri mpaka jua la utosi.

Saa sita Alfredi anainama juu ya pipa. Maji ni meupe, sakafu ya pipa inaonekana. Theodora anachota kata, anaipeleka mdomoni. Mumewe anamnyang'anya.

"Wewe utasema ni safi hata kama yanawaka," anasema.

Anachovya kidole, anajipaka mdomoni, anangoja. Anajipaka tena. Kisha anakunywa kata nzima, taratibu, na mkewe amejishika kifua kwa mikono yenye majivu.

"Maji," anasema Alfredi. Anamgeukia mwandishi. "Njomba, andika. Ni maji."

Theodora anaketi chini palepale na kulia. Alfredi anaitazama meli inavyogusa kingo za pipa. "Hapa inabanwa," anasema. "Kwenye kisima ingegeuka vizuri."

"Kile ni cha kunywa, Baba Priska. Sitatia tena kitu mle."

Ndipo anapoutoa mpango wake, ambao mume naye anausikia kwa mara ya kwanza. Anataka kisima cha pili, kifupi, cha meli tu, na zisipokuwamo meli, maji yake watafulia nguo. Anajua majirani watamcheka. Fundi amemwambia saruji mifuko mitano inatosha, na mmoja ameshaununua kwa fedha za meli.

"Uko wapi?" anauliza Alfredi.

"Chini ya kitanda. Una mwezi wa pili sasa."

Alfredi anasimama, anaingia ndani. Anatoka na mfuko begani, anautua kivulini na kuubinya pembe zote nne.

"Umeanza kuganda huku chini," anasema. "Kesho tunachimba. Hiyo minne nitaitafuta nikiuza korosho."