Falaji ya Ngazini

Nilimwaga ndoo mbili za maji kutoka juu ya ngazi, yakateremka kwenye mfereji wa foili ya jikoni mpaka ndani ya sanduku la shangazi. Nakiri, tena bila aibu.

Juzi mwalimu wa jiografia alituonesha picha ya falaji, mfereji wa kale wa Omani. Nilicheka peke yangu hadi nikatolewa darasani.

Mchana ule wa ndoo, nikiwa bado mdogo, shangazi alikuwa akijiandaa kurudi Maskati. Nyumba yetu ya Hounslow, jirani na uwanja wa ndege, ilinukia ubani, na ndege zilinguruma juu ya paa. Alikuwa amenisimulia kwamba kwao mvua ni adimu, ikinyesha watu hutoka nje kuishangilia, na kwamba wazee wa zamani walichimba mifereji kutoka milimani ili mitende ipate maji. Mimi nikaelewa kuwa mifereji ya zamani lazima imekauka, na shangazi anakwenda kufa kwa kiu. Kumbe mingine inatiririka hadi leo!

Basi ngazi zikawa mlima, na sanduku lililokuwa wazi chini yake likawa Maskati. Maji yaliposhuka, shwaaa, nikarukaruka: "Shangazi, yamefika! Hufi tena!"

Shangazi alizitazama nguo zake zilizolowa chepechepe, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwache, wifi," akamwambia mama aliyekuja mbio. "Mtoto kanihurumia."

Mama hakucheka. Alilikamua baibui, akasema, "Basi mtie humo humo sandukuni uende naye. Maji ya njiani keshajiwekea."