Hadithi Ambayo Majaji Hawakuimaliza

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Sumbawanga. Mwaka juzi niliombwa niwe mmoja wa majaji watatu wa tuzo ya hadithi fupi inayotolewa kila mwaka. Niliona fahari, sifichi. Nilisoma hadithi zote zilizofika fainali, nyingine mara tatu, nikiwa nimejifunika blanketi maana Julai ya huku si ya mchezo.

Moja ilinishika. Aliiandika mama mmoja wa Wampembe, kule chini ziwani, muuza dagaa, kwa kalamu, kwenye daftari la shule. Ilimhusu bibi harusi wa ziwani aliyeolewa huku juu kwenye baridi, kwa mama mkwe asiyecheka. Mwishoni mama mkwe anaunguza ugali, bibi harusi anaula wote bila kusema neno, na yule mama anaangua kicheko hadi machozi yanamtoka. Nami nilicheka peke yangu.

Siku ya kikao nilifika na kurasa nne za maelezo. Mwenyekiti wetu wa majaji alifika na orodha ya washindi kwenye simu.

"Mwalimu, tusipoteze muda," alisema. "Mimi na mwenzangu tumeshakubaliana. Hiyo ya daftari ina Kifipa kingi mno."

Kifipa kingi! Maneno matatu tu ya lugha ya huku kwetu, na yote yanaeleweka.

Nikamuuliza, "Mzee, samahani. Yule bibi harusi anaishiaje?"

"Si anarudi kwao?"

"Harudi. Umeisoma mpaka mwisho?"

Jaji wa pili aliinamia kikombe chake cha chai. Mwenyekiti akatabasamu kama anayemvumilia mtoto. "Ukiwa na uzoefu, ukurasa wa kwanza unakutosha."

Tukapiga kura. Wawili kwa mmoja. Wiki iliyofuata likatoka tangazo kwamba majaji wote, baada ya kusoma kwa makini, wameafikiana kwa kauli moja. Na jina langu lilikuwa pale chini! Niliandika barua kutaka liondolewe. Sijajibiwa mpaka leo.

Nilimpigia simu yule mama wa dagaa mimi mwenyewe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mama, hadithi yako haikupita."

"Ilikuwa na kosa gani?"

Ningeweza kumdanganya kwamba ushindani ulikuwa mkali. Nikamwambia kweli: "Hawakuisoma yote."

"Afadhali ungeniambia ni mbaya," alisema. "Ingekuwa mbaya ningeirekebisha. Sasa hapo nirekebishe nini?"

Nikaomba aniruhusu niwasomee hadithi yake wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Akakubali. Nilipofika kwenye ugali ulioungua darasa zima lilicheka, na msichana mmoja wa mtaa wa Malangali akauliza kama huyo mama ana hadithi nyingine.

Mwaka huu nimealikwa tena kuwa jaji. Nimejibu kwamba nitakuja kwa sharti moja: kabla ya alama yoyote kuandikwa, kila jaji asimulie kwa mdomo wake kila hadithi inavyoisha. Mwenyekiti amepiga simu kuniambia nina kiburi. Inawezekana. Lakini sharti sijaliondoa, na nimemwambia safari hii asithubutu kuandika jina langu popote kabla sijafika.