Siku Niliyoishindisha Timu ya Raga Nikiwa Dukani

Nitasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wengine, maana Njombe mjini wengi wanajua na Makambako wananicheka mpaka leo: mimi ndiye yule msemaji wa klabu ya raga aliyetangaza ushindi wa mechi ambayo timu yake ilipigwa arobaini na sita kwa kumi na mbili. Ndiyo, mimi, Faraja Mligo, mwenye stationery karibu na soko la mbao, na bado wapo wateja wanaoingia dukani na kuniuliza, "Dada, leo tumeshinda ngapi?" halafu wanacheka wenyewe kabla hata hawajanipa karatasi za kutoa kopi.

Klabu yetu inaitwa Wapasua Mbao, kwa sababu nusu ya wachezaji kazi yao ni mbao kweli, wengine ni walimu na bodaboda, na nahodha ni Sanga, Mkinga wa Makete anayeuza viazi kwa jumla, mtu mwenye shingo ambayo mpaka leo sijui inaanzia wapi. Mimi sichezi. Walinipa usemaji kwa sababu nina kompyuta na printa (sifa nyingine hawakuniuliza), na kazi yangu ni kusafiri na timu, kusimama pembeni ya uwanja na daftari, kuandika nani kafunga nini, kisha kutuma habari kwenye grupu la kata, ambako yumo diwani, yumo mchungaji, wamo akina mama wa kwaya na kila mtu mwenye simu na muda wa kuichezea.

Sasa wiki ile tulikuwa na jambo zito. Uwanja wetu wa mazoezi, ule wa nyuma ya soko, kuna watu walikuwa wanautaka wapange mbao zao, na diwani alikuwa ametuambia waziwazi: "Vijana, mimi raga siijui, lakini nikiona watu wanaipenda, Jumatatu kwenye kikao nitasimama niwatetee." Na Jumamosi tulikuwa na mechi Makambako dhidi ya Njiapanda, timu ya mafundi wa kuchomelea na makuli wa pale mjini, ambao tulikuwa hatujawahi kuwafunga hata siku moja.

Jumamosi asubuhi nikaamka, nikafungua dirisha, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka sikuona choo cha jirani, baridi ile inayouma meno, na dukani nilikuwa na kadi za harusi za mtu ambazo nilikuwa nimeahidi tangu Jumatano. Nikampigia Sanga.

"Nahodha, mimi leo nitabaki. Nitumie matokeo tu, nitaandika kutokea huku."

"Msemaji gani anaogopa baridi?" akasema, lakini hakuwa na muda wa kubishana, Coaster ilikuwa inapiga honi. "Haya, nitakutumia mapumziko na mwisho."

Huo ndio uamuzi wenyewe. Mdogo kabisa. Natamani ningevaa sweta mbili nikapanda gari.

Saa sita kasoro ikaingia meseji: "Mapumziko. Sisi 12 wao 7. Wanahema." Nikaruka kwenye kiti mpaka kadi za watu zikamwagika. Tunaongoza! Makambako! Nikaketi nisubiri ya mwisho. Ikafika saa saba, kimya. Nikapiga, simu ya Sanga haipatikani. Nikapiga za wengine, zinaita tu (baadaye nikajua simu zote hukusanywa kwenye begi moja, na baada ya kipigo kile hakuna aliyetaka kulifungua, nani atake kuulizwa?). Huku nako kwenye grupu maswali yanamiminika, na diwani mwenyewe akaandika: "Msemaji, tupe habari, wananchi wanasubiri."

Sasa hapo mtu mwenye akili angeandika, "Mheshimiwa, bado sijapata." Mimi nikafikiri, nikafikiri vibaya. Nikajiambia kama kipindi cha kwanza tumepata kumi na mbili na wenzetu wanahema, cha pili lazima tupate kama kumi na tisa hivi, na wao wanaohema watapata nini? Hawatapata kitu. Nikaandika: "WAPASUA MBAO YAIPASUA NJIAPANDA 31–7." Na vidole vikishapata moto haviambiliki. Nikaeleza skramu, ule msukumano wa vichwa chini, ilivyosukumwa kama lori la viazi linaloshuka mlima, nikaeleza mashabiki wa Makambako walivyoondoka mapema, kisha nikafika kwenye wafungaji nikakwama, maana sikumjua hata mmoja.

Pale nikamkumbuka Obadia. Obadia ni fundi seremala, jirani yangu, kijana mstaarabu sana aliyekaa benchi misimu miwili bila kulalamika, na wiki ile bibi yake alikuwa amekuja kumtembelea kutoka Matembwe. Nikasema moyoni, ngoja bibi wa watu afurahi. Nikampa Obadia trai tatu, yaani mara tatu kauweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. (Hapana, simpendi, acheni kuniangalia hivyo.) Chini nikamalizia kwa herufi za kukoza: "Imeandikwa na Faraja Mligo, msemaji wa klabu, kutoka uwanjani, Makambako."

Kutoka uwanjani! Na mimi nipo dukani nakata kadi za harusi.

Nilipanga nikipata matokeo halisi nirekebishe kidogokidogo. Lakini habari ile haikunisubiri. Diwani akaandika, "Hongereni! Tukutane uwanjani saa kumi tuwapokee mashujaa wetu." Mchungaji akajibu kwamba kikundi cha tarumbeta kina mazoezi mchana huo, basi watahamia uwanjani. Akina mama wakaanza kupanga nani alete chai na nani alete viazi. Mimi niliisoma ile simu nikiwa nimeshika mkasi, na nikaanza kusikia joto, siku ile ya baridi.

Bado nilikuwa na imani. Nikasema labda kweli wameshinda, Mungu ni mkubwa.

Saa kumi uwanja ulikuwa umejaa kuliko siku yoyote ya mechi. Tarumbeta zinang'aa, watoto wamepanda juu ya magogo, diwani kavaa koti la suti na mkononi ana taji la shingoni, la karatasi za kumetameta, la kumvisha nahodha, na mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki, ameketi bibi yake Obadia kajifunga kitenge kipya, mwavuli mapajani.

"Kamwene, bibi," nikamsalimia.

"Kamwene, mwanangu. Ndiye wewe uliyeandika? Mungu akubariki. Nimemwambia jirani anisomee mara nne. Hivi trai ni kitu gani?"

"Ni… ni kitu kizuri, bibi."

Saa kumi na moja ikaingia Fuso. Si Coaster yetu, Fuso, na nyuma yake wamesimama wanaume wengi kuliko tuliowatuma. Kumbe Coaster ilikuwa imekata roho maeneo ya Kichiwa, na Njiapanda, kwa roho nzuri, wakawafuata na lori lao na kuwaleta wenzao mpaka nyumbani. Na kwa kuwa walikuwa na furaha zao, wakaja na kombe lao la ushindi wa siku hiyo.

Tarumbeta zikalia. Sanga akashuka wa kwanza, sikio limefungwa bandeji, mguu mmoja anauburuta. Akasikia tarumbeta, akaona umati umesimama, akaona mchungaji. Akavua kofia taratibu, akaiweka kifuani, akamsogelea mama mmoja wa kwaya na kumuuliza kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu nikasikia:

"Pole sana, mama. Ni nani amefariki?"

Mama wa watu hakuelewa, akampigia kigelegele usoni.

Wakati huohuo diwani alikuwa amemwona mtu aliyeshika kombe. Nani asingemkimbilia? Akamvisha lile taji shingoni, akamkumbatia, akashika kipaza sauti. Mtu huyo alikuwa Chaula, nahodha wa Njiapanda, fundi wa kuchomelea mageti, na alisimama pale na taji lake akitazama kushoto na kulia kama mtu aliyeingia harusi ya watu asiowajua na kuambiwa yeye ndiye bwana harusi.

"Ndugu wananchi!" diwani akanguruma. "Leo vijana wetu wamekwenda Makambako, wamewapiga wale jamaa thelathini na moja kwa saba, mpaka mashabiki wao wakakimbia!"

Juu ya lori vijana wa Njiapanda wakaangaliana. Mmoja akaanza kucheka, mwingine akamshika bega asianguke. Wa kwetu wakainamisha vichwa kama waliokamatwa na mahindi ya watu.

"Mheshimiwa," Sanga akasema, "nani kakwambia hivyo? Tumepigwa arobaini na sita."

Hata tarumbeta moja iliyokuwa inamalizia ikakatika katikati. Diwani akatoa simu, akavaa miwani, na mbele ya kipaza sauti akasoma habari yangu yote, lori la viazi, mlima, vyote, mpaka mwisho: "Imeandikwa na Faraja Mligo… kutoka uwanjani, Makambako." Kisha akainua macho. Na wote wakayafuata macho yake, wakanikuta nimesimama nyuma ya kiti cha bibi, vidole vimejaa wino wa rangi ya dhahabu wa kadi za harusi.

"Msemaji," diwani akasema, na hakuwa anacheka, "njoo hapa."

Kutoka pale hadi kwenye kipaza sauti ni hatua kama ishirini. Niliziona kama safari ya Dodoma. Nikafikiria kukimbia, lakini utakimbiaje mbele ya timu mbili za raga? Nikashika kipaza sauti, sauti ikatoka nyembamba kama ya kuku aliyekabwa, nikasema sikwenda, niliogopa baridi, nilipata matokeo ya nusu tu nikajitungia nusu nyingine, na Obadia hakufunga trai tatu, kwa kweli sikujua hata kama alicheza.

"Sikucheza," Obadia akasema kutoka nyuma ya lori. Neno moja tu, tena kwa upole, na ndilo lililoniuma kuliko yote. Nilitaka kumpamba, nikawa nimemvua nguo mbele ya bibi yake.

Diwani alikuwa anakunja miwani yake aondoke. Nikaona uwanja unaondoka naye, nikaona mbao zimepangwa juu ya nyasi zetu, sababu ikiwa ni mimi. Hapo bibi akainuka kwenye kiti.

"Mimi nimetoka Matembwe," akasema, bila kipaza sauti, wala hakuwa na haja nacho. "Nimevaa kitenge kipya. Hiyo trai nitaiona leo, kama ni tatu, kama ni moja."

Watu wakacheka, Chaula akacheka zaidi, akavua taji na kumvisha bibi. "Bibi ana haki. Dakika kumi tu! Obadia aanze. Mheshimiwa, kaa hapo uone."

Basi watu waliokuwa wamechoka hivyo, wenye magoti yaliyochubuka, wakarudi uwanjani. Tarumbeta zikalia tena, safari hii kwa nguvu kupita kiasi, na watu wakajipanga pembeni bila kuombwa. Dakika ya saba hivi Sanga akamrushia Obadia mpira, na yule kijana wa benchi, jamani, kumbe alikuwa na mbio! Akampita wa kwanza, akampita wa pili, umati unapiga kelele, mimi napiga kelele nimesahau kwamba nina aibu. Hatua moja kabla ya mstari Chaula akamdaka kiuno, Obadia akaanguka, na watatu wengine wakamwangukia juu.

Bibi hakujua kwamba hiyo ndiyo raga. Aliona mjukuu wake amelaliwa na mafundi wanne wa Makambako. Akaingia uwanjani na mwavuli.

"Mwacheni mtoto wa watu! Mwacheni!" Na kila neno lilikuwa na pigo lake, mgongoni kwa Chaula, ambaye alishindwa kuinuka kwa kicheko. Refa (mwalimu mmoja tu aliyejitolea) akapuliza filimbi, bibi akamgeukia na yeye, filimbi ikanyamaza. Obadia akatoka chini ya lile rundo amejaa tope, mpira bado kaukumbatia, akamshika bibi yake mkono, na bibi akauliza, "Hiyo ndiyo trai?"

"Bado kidogo, bibi."

"Inatosha," akasema.

Diwani alikuwa ameegemea gogo, anafuta machozi ya kicheko kwa kitambaa. Jumatatu alisimama kwenye kikao kama alivyoahidi, akasema raga haielewi bado lakini watu amewaona kwa macho yake. Hatukupata kila tulichotaka: uwanja ni wetu Jumanne na Jumamosi, siku zilizobaki wenye mbao wanapanga mbao, na tunacheza tukiokota vibanzi kwenye soksi.

Mimi nilikwenda kwa Obadia jioni ileile kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Dada Faraja, ukitaka kunisaidia siku nyingine, mwambie Sanga anipange." Nikamwambia Sanga. Mechi mbili zilizofuata alianza, ya kwanza tukafungwa, ya pili, hapahapa nyumbani, tukashinda kwa pointi mbili, na trai moja ilikuwa yake, moja tu, niliihesabu kwa macho yangu, nikiwa nimesimama kwenye manyunyu na sweta mbili na koti la mvua.

Klabu haikunifukuza usemaji. Walisema adhabu yangu ni kuendelea nao, na niwe nabeba maji. Nabeba. Na nimeapa, mbele ya kikosi kizima: matokeo siandiki mpaka refa apulize filimbi ya mwisho, na akishapuliza namfuata hukohuko kwenye tope nimuulize, "Mwalimu, umemaliza kweli?"