Altaneta Niliyoitangaza Imekufa

Mimi ni fundi wa ndege ndogo, na hili sijamwambia hata mke wangu. Asubuhi moja mwezi uliopita, katika kiwanja cha ndege cha Same, rubani aliniambia betri yake haichaji. Abiria wake, mama mfugaji wa Kisiwani, alikuwa anamuwahi dada yake aliyekuwa mahututi Dodoma.

Nilipima, nikakuta altaneta, kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka, haitoi umeme. Papo hapo nikatangaza imekufa, nikaagiza nyingine kutoka Moshi.

“Vumilia, mama,” nilimwambia kwa sauti ya kiprofesa. “Mambo ya ndege hayataki haraka.”

“Haya, mwanangu,” alijibu, akaketi kivulini.

Altaneta mpya ilifika saa tisa alasiri. Nikaifunga, tukawasha injini, bado haikuchaji. Rubani akainama chini ya dashibodi, akakuta kitufe cha fyuzi ya altaneta kimeruka nje na kukata umeme; ile ya zamani haikuwa na kosa. Akakibonyeza kwa kidole, na taa ya onyo ikazimika.

Tulipozima injini, mama alikuwa mlangoni, simu mkononi. Alituambia dada yake alikuwa amefariki saa nane. Rubani akamwonyesha kile kitufe.

“Ni hicho tu, mwanangu?” aliniuliza taratibu.

“Ndiyo, mama. Ni hicho tu.”