Mashimo ya Marsi ndani ya beseni ya bunga

Hapana, ile bunga ya muhogo hatukuitupa. Tuliipika kesho yake, ile ugali ya fufu ikatoka na rangi ya panya, tukaikula na samaki ndogo za sambaza, na hakuna mutu alilalamika tumbo. Kulala tu njo kulitushinda, juu ya kahawa. Sasa mutataka kujua kahawa iliingiaje ndani ya bunga. Ngojeni nikae muzuri.

Mujukulu wangu mwanamuke, ule nililea hapa kwa mutaa yetu ya Keshero, alikuwa anasoma mawe kwa iniversite. Si haya mawe yetu nyeusi yenye tunajengea ukuta ya parsele ya nyumba. Mawe ya Marsi, ile nyota nyekundu. Mutu hajafika kule, lakini kuna mashini zinapiga picha, na yeye anaangalia mashimo. Zile picha alizibandika juu ya kitanda yetu. Miaka yote ile nililala chini ya mashimo, na hakuna hata moja iliniangukia.

Basi kijana mumoja wa Butembo akamupenda. Kijana muzuri, viatu safi hata wakati ya mvua, sijue anapitaka wapi. Lakini akifungua kinywa, ni kama anauzisha: «Sheri, tukishaoana, hizo mashimo za nini? Kule Butembo tuko na depo ya kuuzisha vitu. Utakamata depo.» Mujukulu wangu alikuwa amebakiza mwaka moja amalize. Siku moja tunachambua majani ya sombe, akaniambia polepole: «Koko, ninamupenda. Lakini nataka aseme mbele ya wazee kama nitamaliza masomo. Akisema ndiyo, ninaenda naye hata leo.» Mi nikamujibu, sawa, basi tutamusikia.

Wakakuja kuposa Jumapili, nyuma ya misa. Kijana, mujomba wake na kravati yenye ilimukaba mpaka macho ikatoka, na shangazi yake, mama munene ndani ya kitenge mupya yenye ilikuwa inalia kra kra kila akipumua. Walituletea mufuko ya kahawa ya shamba yao, imesagwa tayari. Kwa upande yetu alikuwa anaongea kaka yangu, juu kwa desturi yetu mutoto mwanamuke siku ile haongei. Analeta maji ya kunawa, anapiga magoti, macho chini, anarudi jikoni. Wazee njo wanamuongelea.

Alileta maji vizuri. Magoti, macho, yote. Lakini ule shangazi, akiwa ananawa, akamuuliza:

«Mutoto, unasomaka nini?»

«Mashimo, mama. Ya Marsi.»

Mujomba akacheka. Alikuwa anaongea kama mutu mwenye kiazi ya moto kwa ulimi: «Maaashimo? Sisi batu ya Kivu, mashimo tunajua. Shimo ya mviringo ni volkano. Ile pale juu inatoa moshi. Iniversite ya nini?»

«Papa, hizi si volkano. Unaruhusu nikuonyeshe?»

Kaka yangu akakohoa, kikohozi ya kusema, mutoto, jikoni. Mi nikasukuma na muguu beseni ya bunga ya muhogo, ile ya fufu ya wageni, mpaka katikati ya salo, pale wageni wamekaa. Mi napendaka kuona.

Akalalisha bunga na kiganja mpaka ikawa sawasawa. Kisha akakamata ule mufuko ya kahawa, akaupasua, akanyunyiza juu ya bunga mpaka nyeupe ikafichika. Zawadi ya mugeni haifunguliwe mugeni angali amekaa, hata mutoto wa miaka tatu anajua. Mujomba alikuwa anaangalia ile kahawa kama mutu ameona mbuzi yake ndani ya sufuria ya jirani.

Mujukulu wangu akaokota jiwe ndogo inje, akapanda juu ya kiti, akaliachilia. Pu. Nyeupe ikaruka kila upande, kama mishale ya jua.

«Papa, volkano inasukuma toka chini. Inajenga mulima, shimo inakaa kwa kichwa ya mulima. Hii imetoka juu. Angalia: ndani ya shimo ni chini kuliko udongo ya pembeni, na ukingo imeinuka. Na chenye kilikuwa chini kimekuja kulala juu.»

Shangazi akavuta kiti yake karibu. «Na kama jiwe inakuja kwa upande?»

«Jaribu, mama.»

Shangazi akarusha kwa upande, na nguvu ya mutu wa shamba. Shimo ikatoka mviringo vilevile, lakini bunga yote ikaruka upande moja, kwa suruali ya mujomba.

«Kule ni zaidi,» mujukulu akasema. «Jiwe inakuja mbio sana, ikigonga inapasuka, njo maana shimo inakuwa mviringo. Na mvua haiko ya kuizika. Hapa kwetu mvua, mito na lava zinafunika kila kitu. Kule, udongo yenye mashimo mengi ni ya zamani, na yenye iko laini, lava ilikuja kupita juu yake kisha, ikafunika mashimo.»

Nikasema: «Kumbe ni kama uso yangu.»

«Na yangu,» shangazi akasema. Tukacheka sisi wawili mpaka akakosa pumzi, kitenge yake ikaacha kulia.

Mujukulu wangu hakucheka. Akapangusa mikono, akamugeukia kijana. «Nimebakiza mwaka moja. Sema mbele yao. Nitamaliza?»

Kijana akaangalia mujomba. Mujomba akaangalia suruali. Kijana akatoa kale kacheko ka kuuzisha: «Sheri, tutaona. Lakini hii ni muchezo ya batoto ya shule ya musingi. Kwanza uombe musamaha juu ya kahawa.»

Mutoto akabaki amesimama, akiangalia beseni. Machozi haikutoka. Kaka yangu akaanza mezali moja ya wazee, hata yeye hakujua inaenda wapi, akaiacha njiani.

Shangazi akasimama. Akapiga kitenge yake, bunga ikaanguka. Akaongea na kijana bila kupandisha sauti, kama mutu anaomba chumvi:

«Wewe, huyu hautamuweza. Simama, tuende.»