Sauti ya Mama Ndani ya Kivinjari

Kaka yangu anatengeneza tovuti, na kwa miaka kumi sasa anagombana na kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kama mtu anayeishi na shemeji mkorofi. Kikiganda, anakisema. Kikijifunga chenyewe katikati ya kazi, anasukuma kiti, anaizunguka meza, anarudi kukaa. "Jana kilikuwa kizima," anasema. "Kimejisasisha usiku, leo hakinijui." Mama alimpa jina la Injinia, na akitaka kumchokoza alimwita Injinia wa Kuzima na Kuwasha.

Daktari alipotuambia kwamba upasuaji wa koo ungemwachia Mama uhai lakini usingemwachia sauti, tulikuwa na wiki tatu. Simu ingetosha kumrekodi. Nilimwambia kaka, akaniangalia kana kwamba nimemtukana. Alitaka kumtengenezea Mama ukurasa wake: kitufe kimoja kikubwa, unabonyeza, unaongea, rekodi inajipanga kwa tarehe. Nilikasirika, lakini hata mimi nina simu, na sikuitoa mfukoni.

Mama alikipenda kile kitufe. Kila alasiri alijifunga kanga vizuri, akaketi mezani na kukohoa kidogo. Alisimulia alivyomkataa Baba mara mbili. Alitaja wajomba wote, wazuri na wabaya. Siku moja alinigombeza dakika nne nzima kwa kuanika mashuka bila kuyakamua. Ukurasa uliganda mara nyingi, naye alikuwa akingoja huku akisema, "Mpe nafasi apumue, mwanangu, mashine nayo inachoka."

Rekodi zote zilikaa ndani ya kivinjari cha kompyuta ile moja. Kaka alikusudia kuzihamishia kwenye seva, kompyuta ya mbali ya kuhifadhia, ukurasa ukitulia. Nilipomuuliza, alijibu, "Kesho, dada. Nisihamishe kitu kibovu." Kila siku kulikuwa na kosa jipya jekundu kwenye skrini la kufukuza.

Siku ya sita baada ya upasuaji, Mama akiwa amerudi nyumbani na bandeji shingoni, aliandika kwenye daftari kwamba anataka kuisikia sauti yake. Kaka akafungua kompyuta. Kivinjari kilikuwa kimejisasisha tena, na ukurasa ukatoka mweupe mtupu. Akajaribu mara tatu, akatoa sauti ya kuudhika, kisha akafanya wanalofanya watu wa kazi yake ukurasa ukigoma, jambo alilolifanya mara elfu bila kufikiri: akaamuru kivinjari kifute kila kitu kilichojiwekea, kianze upya.

Ukurasa ukafunguka mara moja. Haukuganda wala kusitasita. Nikacheka, nikamwambia, "Leo umekuwa injinia kweli." Mikono yake ilikuwa bado juu ya vibonye, na chini ya kile kitufe kikubwa palikuwa na maneno mawili aliyoyaandika yeye mwenyewe wakati wa kuutengeneza: Hakuna rekodi.

Alitafuta mpaka jioni. Aliwapigia wenzake, nao wakawa wanaongea taratibu, kama watu wanavyoongea na mfiwa. Hakukuwa na nakala popote.

Ilibidi yeye mwenyewe amwambie Mama. Alipiga magoti kando ya kitanda. "Mama, nimezifuta. Mimi, kwa mkono wangu." Mama alimshika kichwa, akamwacha alie, kisha akavuta daftari akaandika: "Nimesahau nini? Niulize, nitaandika yote."

"Maneno siyo niliyoyataka, Mama," kaka alisema.

Hata hivyo aliandika, kurasa saba siku ile, na nyingine kesho yake. Kaka hajazigusa mpaka leo. Mimi nilizisoma zote, na wiki za mwanzo nilimsikia Mama kabisa, hasira zake na vicheko vyake. Siku hizi nikizisoma, sauti ninayoisikia ni yangu.